Kichaka Kilichoitwa Mgeni

3 Machi

Leo ni miaka thelathini na tisa, miezi minne na siku sita tangu meli ya serikali ituondoe kisiwani, watu sitini na watatu na kuku ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Kisima kilikuwa kimegeuka chumvi. Tuliambiwa tutarudi kikitengemaa. Hakikutengemaa, nasi tukawa watu wa bara kwa mazoea. Mimi nikawa fundi wa kujalidi vitabu, na kwa kuwa sikuweza kujalidi kitabu bila kukisoma, sifa yangu mjini ilikuwa moja: kazi nzuri, ila anachelewesha.

Nimeanza daftari hili kwa sababu leo, nikiwa na miaka sabini na sita, nimeajiriwa upya. Idara ya Mimea wanataka kukirudisha kisiwa katika hali yake. Panya walimalizwa miaka miwili iliyopita. Sasa ni zamu ya mimea: iliyo ya asili iachwe, iliyoletwa na watu ing'olewe, na hilo hufanyika mvua ikinyesha, udongo ukiwa laini. Orodha ya mimea niliitoa mimi, mwezi wa nane mwaka jana, kwa kichwa. Mimea mia na kumi na minne, jina la kila mmoja na asili yake, karani akiandika.

Chumba cha kazi kina meza ndefu, dirisha moja, makabati ya chuma, na mashinikizo ya mbao ya kukaushia majani. Nilipoyaona mashinikizo nikajisikia nyumbani. Tofauti na yangu ni kwamba haya hayana gundi kingoni. Mkuu wa chumba ni Daktari, mwanamke wa makamo ambaye miwani yake imefungwa uzi wa kushonea. Kazi yangu ni kutaja jina la kila sampuli itakayoletwa kutoka kisiwani. Mwisho wa masika, boti ya mwisho itatuchukua wawili, mimi na kaka yangu, tulale kule siku mbili.

5 Machi

Nimekwenda kwa kaka kumpa habari. Anakaa kwa binti yake, mtaa wa pili. Ana miaka themanini na mmoja, alikuwa fundi bomba, na hata sasa haingii nyumba ya mtu bila kusikiliza kama kuna mfereji unaovuja. Hakuuliza boti wala siku. Aliuliza, "Pacha wangu yu hai?"

Pacha wake ni mti, mkungu. Mama aliupanda uani kwetu mwezi aliozaliwa kaka. Nikamwambia kwamba Daktari amenionyesha picha: mkungu upo, tena umezaa, na popo wametawanya kungu mpaka bondeni. Sasa ipo mikungu kama mia mbili.

Akamwita binti yake aje asikie. "Mwenzangu ana watoto mia mbili na hakuna hata mmoja anayemfichia fimbo. Mimi ninao watatu, wananiuliza kila saa kama nimemeza dawa."

8 Machi

Mawingu, mvua hakuna.

11 Machi

Mvua ya kwanza. Wang'oaji wanane wameondoka. Kabla hawajapanda boti, karani aliwapanga mstari, akawakagua soli za viatu, akageuza mifuko yao na pindo za suruali asije mtu akabeba mbegu. Mmoja alikutwa na punje tatu za mtama, akasimamishwa kama mwizi. Nilimtazama karani nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kuhesabu hata pumzi zake. Anasema polepole na kuandika polepole zaidi, na ukimwambia jambo hulirudia neno kwa neno kama anakukosoa.

15 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Asubuhi, tukinywa chai, nilimwambia mke wangu, "Mgeni atakuwa kafika sasa." Akainuka kuongeza maji kwenye sufuria.

Ilibidi nimweleze. Kwetu mgeni ni kichaka. Wakati wa kiangazi ni vijiti vitupu, ungeapa kimekufa. Mvua zikishachanganya, siku ya nne au ya tano, unaamka unakikuta mlangoni kimejaa majani, kama mtu aliyeingia wakati umelala. Miezi mitatu kinaaga. Ndiyo maana kikaitwa mgeni, na watoto tulikatazwa kukikata: mgeni hakatwi. Chini yake hutaga mkohozi, ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye hayupo kwingine popote, na ambaye sauti yake ni kikohozi cha mzee asiyetaka kwenda hospitali.

"Basi humu ndani tunaye," mke wangu akasema. "Na mayai sijayaona."

19 Machi

Nimekausha majani ya aina sita. Hakuna la kuandika.

26 Machi

Mvua. Kaka ameshonesha suruali ya safari.

2 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Boti imeleta furushi la kwanza. Kila mmea unaong'olewa, sharti sampuli moja iletwe, imeviringishwa kwenye gazeti na kibandiko juu. Nilifungua matatu nikataja majina. La nne, kabla sijalifungua, nilijua kwa harufu. Mzizi wa mgeni ukivunjika unanuka kama kiberiti kilichowashwa na kuzimwa. Sikuwa nimeinusa harufu hiyo tangu nikiwa na miaka thelathini na saba. Nikafungua. Majani mabichi, na katikati ua dogo jeupe ambalo Daktari hajawahi kuliona, kwa sababu yeye na wenzake wamefika kisiwani wakati wa kiangazi tu, bahari ikiwa shwari. Kibandiko kilisema: Mgeni. Vimeng'olewa 1,240.

Nikamwita Daktari. Nilimwambia kuna kosa, hiki si cha kung'oa, hiki ni cha kisiwa tangu dunia iumbwe. Akaleta orodha. Ukurasa wa tatu, mstari wa sita. Jina: mgeni. Asili: mgeni. Na chini ya ukurasa, saini yangu, nzuri, ya mtu aliyeona fahari kuulizwa.

Karani alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza, mzee. Nikasema, na hiki? Ukasema, mgeni. Nikasema, na jina lake? Ukasema, si nimeshakwambia, mgeni."

Ndivyo nilivyosema. Nakumbuka hata nilivyosonya.

Daktari naye akakiri lake. Kichaka hicho kina jamaa zake huku bara ambao ni magugu matupu, kwa hiyo orodha iliposema mgeni, hakuona sababu ya kubisha. Hakutulaumu wala hakujitetea. Alikwenda kwenye redio ya mawasiliano, akamwita kiongozi wa wang'oaji.

"Acheni mgeni," akasema.

Redio ikakwaruza. "Wageni wote, Daktari?"

"Hapana. Anayeitwa mgeni."

"Wote wanaitwa wageni."

Akavua miwani. Akaeleza ua, majani, harufu ya kiberiti, mara mbili, kama anayemwelekeza mtu nyumba katika mtaa usio na namba. Kule wakaelewa. Kisha yule kiongozi akasema polepole kwamba miteremko yote miwili wameshaimaliza. Vilivyobaki ni vya pale ghubani penye mahema yao, pahali pekee boti inapoweza kushukia, ambapo walikuwa wamepaacha pawe pa mwisho.

Niliomba radhi. Daktari akaniambia, "Mzee wangu, kesho tunaanza orodha upya. Safari hii sitaki kusikia mgeni, sitaki kusikia wa kwetu. Nitakuuliza jambo moja tu: nani aliuleta?"

3 Aprili

Mimea kumi na tisa. Karani anaandika. Anarudia kila neno langu, nami sasa namsubiri amalize kurudia.

4 Aprili

Ishirini na mitatu. Tumefika kwenye miti.

6 Aprili

Leo tumefika kwenye mkungu.

Daktari alieleza kwa nini huu anautegemea ulimi wangu. Vitabu havikubaliani. Kungu huelea, inaweza kuvuka bahari yenyewe ikaota ufukweni, na mti uliojileta wenyewe ni wa asili, una haki yake. Ukipandwa na mtu, ni habari nyingine. Jani lake ni pana kama sahani. Yakianguka yanafunika ardhi, na chini yake hakuoti kitu. Bonde lote lililokuwa la mgeni sasa ni mikungu. Mbegu za mgeni zimo bado udongoni, anaamini, zinasubiri mwanga. Mikungu ikiondolewa kabla mvua hazijakata, zitaota mwaka huu huu. Mvua zikikata, ni mwaka mzima mwingine, na mkohozi hana pa kutaga ila pale ghubani.

Akafungua orodha ya zamani. Mkungu: wa kwetu. Karani alikuwa ameandika pembeni, kwa mwandiko wake wa mchwa, maneno yangu kamili: "Wa kwetu kabisa."

"Nani aliuleta, mzee?"

Nikasema nimechoka, tuendelee kesho kutwa.

Sikudanganya mwezi wa nane. Kinywani mwangu "wa kwetu" ni wa uani kwetu, wa mama yetu, kama mtu anavyosema paka wetu. Lakini leo nimeulizwa kwa maneno mengine, na jibu nilikuwa nalo.

8 Aprili

Mvua. Sijasema. Nilimwambia Daktari turuke miti, tumalize nyasi kwanza.

9 Aprili

Mvua. Sijasema.

10 Aprili

Mvua imepungua, manyunyu tu. Daktari alitoka mara tatu kutazama anga. Hakuniuliza. Ingekuwa afadhali angeniuliza.

11 Aprili

Jua mpaka saa nane, kisha mvua kidogo. Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema, "Unamwogopa kaka yako au unauogopa mti?" Nikasema sijui. Akasema nimfuate kaka leo leo, kwa kuwa yeye hawezi kuendelea kupikia mtu anayetazama sahani.

12 Aprili

Nilimkuta kaka barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nikamwambia yote: mgeni, orodha, bonde, mikungu. Nikamwambia kesho nitasema.

Kaka si mtu wa hasira za haraka. Hasira yake hupanda kama maji kwenye tangi, huioni mpaka imefika juu.

"Ulizaliwa miaka mitano baada ya ule mti," akasema. "Umeujuaje?"

"Mama alinisimulia."

"Alikusimulia nini?"

"Kwamba alileta kungu kutoka bara."

"Basi ni hadithi uliyosikia. Shahidi wa kusikia si shahidi. Waambie hujui. Kusema hujui si uongo."

Nikasema ningekuwa sijui, ningesema sijui.

Akaanza kukausha miguu, mmoja, halafu mwingine, kila kidole. "Kisima kilituharibikia, tukaondoka. Nyumba imeanguka, tukakubali. Mama tumemzika huku, mbali na kwake. Kilichobaki kule cha kuonyesha kwamba kulikuwa na mtu ni ule mti. Sasa wewe mdogo wangu, uliyesoma vitabu vya watu mpaka macho yakaisha, unataka kuwaonyesha pa kuweka msumeno."

Nilimwambia tu kwamba tulifundishwa mgeni hakatwi, nasi tumekata elfu moja mia mbili na arobaini kwa neno langu.

"Ukisema," akasema, "usije hapa tena."

13 Aprili

Nimesema.

Daktari hakushangilia. Aliuliza ni mama mwenyewe aliyenisimulia, na lini, karani akaandika. Kisha akasema kwa upole kuwa yuko katika hali ngumu: ana ukurasa wenye saini yangu usemao wa kwetu, na neno langu la leo lisemalo umeletwa, na mikungu mia mbili haikatwi kwa hadithi ya kusikia iliyobadilika baada ya miezi minane. Ataandika kwa wakubwa, waamue.

Kaka alisema shahidi wa kusikia si shahidi. Amekuwa sahihi hata katika hilo.

15 Aprili

Nimeutupa muda wa siku saba kwa woga, na sasa wakubwa wanautupa mwingine kwa barua. Mvua inanyesha vizuri. Kila tone naliona linapotea.

17 Aprili

Nimegundua kwamba karani, saa ya chai, hubaki peke yake akipekua ripoti za zamani za kisiwa, kutafuta kama kuna aliyewahi kuutaja mkungu. Hakuniambia. Nilimkuta. Nikavuta kiti tukapekua pamoja. Hatukupata kitu, ila nimejifunza kwamba mtu anayerudia maneno yako anaweza kuwa anayatunza.

19 Aprili

Siku ya saba sijaenda kwa kaka. Binti yake amenipigia simu, anasema mzee anakula, hasemi.

21 Aprili

Asubuhi tulisikia fimbo kwenye korido. Nilidhani ni mlinzi. Kumbe ni kaka, amevaa suruali mpya ya safari, binti yake nyuma amebeba mwavuli. Hakunisalimu. Daktari alimwamkia shikamoo, akampa kiti, kaka akakikataa.

Alitazama juu kwanza. "Lile bomba linavuja," akasema. Ni kweli, kuna doa darini tumelizoea. Kisha akamgeukia karani.

"Andika. Mkungu uliletwa. Mama yangu alikwenda bara mimi nikiwa tumboni, kwa mkunga. Aliporudi alileta kungu tatu. Sikusikia kwa watu, aliniambia yeye mwenyewe, na mbili alinionyesha alipozipanda. Moja uani. Moja nyuma ya kilima, kwenye jiwe lililopasuka. Ya tatu ilioza. Nyinyi mnatafuta bondeni tu, huko nyuma ya kilima mmefika?"

Daktari akasema hawajafika.

"Basi mkimaliza bonde mkaacha huko, popo watawarudishia yote."

Karani aliandika, akasoma kwa sauti neno kwa neno, na kaka akatikisa kichwa kila sentensi, ameridhika. Nadhani ni mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu kumsikiliza hivyo. Aliweka saini. Akauliza mti wa uani utaangushwaje. Daktari akamweleza kuwa mikubwa haiangushwi, isije ikaponda mbegu zilizo chini. Hubanduliwa gome mzunguko mzima, ikakauka imesimama.

"Miaka mingapi?"

"Miwili. Labda mitatu."

"Atanizidi, basi," kaka akasema.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipofika kona akasema niwaambie waite fundi kabla dari halijaanguka kwenye makaratasi.

22 Aprili

Nyuma ya kilima, kwenye jiwe lililopasuka, wamekuta mkungu mkubwa na miche zaidi ya sitini. Kibali kimetoka saa tisa. Wameanza.

30 Aprili

Mvua kubwa. Bonde nusu limeona mwanga.

6 Mei

Redio: miche ya mgeni bondeni, midogo kama kucha. Hawajahesabu. Karani alitaka wahesabu.

14 Mei

Nimekula kwa kaka. Hatukutaja mti.

20 Mei

Mvua zinaaga. Wang'oaji wamehamisha mahema kutoka ghubani baada ya kusikia vikohozi. Wakohozi wote wa kisiwa wamehamia pale, kwenye vichaka vilivyobaki, na wanataga kwa kuchelewa. Viota kumi na kimoja kando ya njia ile moja itokayo mahali pa boti. Idara imeamua: wang'oaji wakishatolewa, hakuna mtu kushuka kisiwani misimu mitano, mpaka miteremko ijae tena.

26 Mei

Daktari aliniomba nikae. Alisema boti ya kuwachukua wang'oaji inaweza kwenda siku mbili mapema, mimi na kaka tukiwemo. Tungeshuka kwa njia iliyowekewa kamba, tukalala uani, tukaondoka na wenzetu. Ametafakari, anaona hatari ni ndogo. "Sheria ya kutoshuka nimeiandika mimi," akasema, "na sijaipiga mhuri."

Nikamuuliza kama anajua mkohozi anafanya nini akiinuliwa kwenye mayai.

Hajui. Hakuna kitabu kinachosema. Nikamweleza tulichojua kila mtoto wa kisiwani: akiinuliwa mara moja, hukohoa, huzunguka, hurudi. Akiinuliwa mara ya pili, harudi tena, na mayai hupoa.

Wang'oaji lazima watoke. Hiyo ni mara moja. Sisi tukishuka, ni mara mbili.

Akasema ningeweza kutomwambia yeye habari hiyo. Nikasema najua.

Karani aliomba nirudie lile la mara ya pili, alipate sawasawa. Nikarudia.

27 Mei

Nimekwenda kwa kaka. Nilimweleza kwa mpangilio kama nilivyoandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza viota ni vingapi, nikamwambia. Akasema suruali ataivaa kwenye harusi ya mjukuu.

29 Mei

Jua. Boti imeondoka asubuhi na nahodha na baharia mmoja. Misimu mitano ikiisha nitakuwa na miaka themanini na mmoja, na kaka themanini na sita. Nimeandika hesabu hiyo pembeni ya ukurasa, nikaitazama, nikaona haina haja ya kusahihishwa. Sitarudi kisiwani.